Nani Huifungua Mbegu ya Chura Ndani ya Yai?

Mwaka 1976, Chiaki Katagiri na mwenzake Moriya, wanabaiolojia wa Japani, walichapisha matokeo ya jaribio lililo rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Walichukua mayai machanga ya chura wa Kijapani wa jenasi Bufo, wakayatoa viini vyake, kisha wakayaacha yakomae kwa homoni. Yalikomaa vizuri. Lakini mbegu za kiume zilipoingia humo, vichwa vyake vilibaki vyembamba na vimebana vilevile vilivyokuwa. Katika mayai ambayo viini vyake havikuguswa, mbegu zilivimba, zikalegea, zikageuka viini vya mviringo vilivyo tayari kukutana na kiini cha mama. Maana yake ilikuwa wazi: kitu kinachoifungua mbegu kimewekwa akiba ndani ya kiini cha yai changa, nacho humwagika kwenye saitoplazimu pale utando wa kiini unapovunjika yai linapokaribia kutagwa.

Kukitaja kitu hicho kwa jina kulichukua miaka 15. Jina lilipopatikana, kisa kilionekana kimekwisha: protini moja, kazi moja, ushahidi usiopingika. Jibu lile bado ni sahihi. Ila lilipatikana kwa chura ambaye mbegu yake imefungwa nusunusu, na wepesi wake uliwafanya wengi wasiulize swali la pili, ambalo naona lina uzito kuliko la kwanza: yai likishaondoa protini za mbegu, ni zipi linaziacha mahali pake, na kwa nini?

Tuanze na ufungaji wenyewe. Mbegu moja ya chura Xenopus laevis hubeba DNA yenye jozi za besi zipatazo bilioni 3.1. Ukiinyoosha, inafika urefu wa mita moja hivi, nayo imeshindiliwa ndani ya kichwa kisichoonekana kwa macho. Katika seli za kawaida za mwili, DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Jozi 147 za besi huvingirishwa kwenye kifundo cha histoni nane, yaani mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4. Kifundo hicho pamoja na DNA yake ndicho nukleosomu, na mfululizo mzima wa nukleosomu pamoja na protini nyingine zilizoambatana nao ndio kromatini. Kinachozishikanisha ni chaji: DNA ina chaji hasi, histoni zina chaji chanya.

Mbegu ya kiume ni seli ya safari. Haisomi jeni zake, hainakili DNA yake, haijengi kitu. Kwa hiyo wanyama wengi, mbegu inapokomaa korodanini, huziondoa histoni na kuweka mahali pake protamini, protini fupi zilizojaa asidi amino ya arginini, ambazo huibana DNA kuliko histoni zinavyoweza. Amfibia, hata hivyo, hawana kanuni moja. Chura wa jenasi Bufo hutumia protamini kamili. Rana catesbeiana, chura mkubwa wa Amerika Kaskazini, huziacha histoni zake karibu zote. Xenopus amekaa katikati. H3 na H4 zake hubaki kwenye DNA, lakini sehemu kubwa ya H2A na H2B huondolewa, na nafasi yake huchukuliwa na protini za pekee za mbegu, zenye chaji chanya nyingi. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo, kwa kuwa karibu kila ubishi unaofuata unatokana nayo.

Kwa nini basi elimu hii imejengwa juu ya Xenopus, wa katikati? Sababu haihusiani na kromatini hata kidogo. Mwaka 1930, huko Cape Town, Lancelot Hogben aligundua kwamba jike wa chura huyu akidungwa homoni hutaga mayai msimu wowote. Muda si mrefu ugunduzi huo ukawa kipimo cha mimba: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura, na chura akitaga ndani ya siku moja, mwanamke ana mimba. Hospitali za Ulaya na Marekani zilifuga vyura hao hadi miaka ya 1960, vilipokuja vipimo vya kingamwili. Wanabaiolojia wakajikuta na mnyama anayefugika kwenye beseni la maji na kutoa mayai elfu kadhaa kwa wakati waupangao wao.

Afrika Mashariki nayo ina watu wake katika jenasi hii. Xenopus borealis, aliyeelezwa kisayansi na Parker mwaka 1936, anatoka nyanda za Kenya, na kwa Kiingereza huitwa kwa jina la Marsabit. Alifika maabara za Marekani mapema, lakini kwa jina la mwingine: kazi maarufu zilizolinganisha jeni za ribosomu za Xenopus laevis na za "Xenopus mulleri" zilikuwa zimefanywa kwa borealis. Donald Brown, Igor Dawid na Ronald Reeder walisahihisha jina mwaka 1977. Tutakutana naye tena.

Yai la Xenopus lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi, na ujazo unaokaribia mikrolita moja. Kwa seli, huo ni ukubwa wa ajabu, na umejazwa akiba. Baada ya utungisho kiinitete kitagawanyika mara 12, mgawanyiko wa kwanza baada ya dakika 90 hivi na inayofuata kila nusu saa, hadi zipatikane seli 4,000, na muda wote huo jeni zake mwenyewe zitakuwa karibu kimya. Hakuna nafasi ya kutengeneza protini mpya kwa kila kiini kipya. Lazima kila kitu kiwepo tangu mwanzo, histoni zikiwemo, na yai lililokomaa lina histoni zinazotosha viini zaidi ya 10,000.

Akiba ya namna hiyo ni hatari kwa mwenyewe. Histoni zisizoshikwa na kitu hunata kwenye kila chenye chaji hasi. Ukizichanganya na DNA kwenye chupa yenye chumvi kidogo, hupati nukleosomu, unapata mashapo. Fumbo hilo ndilo lililokuwa likimshughulisha Ron Laskey na wenzake kule Cambridge, Uingereza. Habari za mbegu hazikuwamo. Mwaka 1978 walitangaza kwamba wametenga kutoka mayai ya Xenopus protini yenye asidi nyingi, yaani chaji hasi nyingi, inayozishika histoni kwanza, ikazizuia zisinate ovyo, kisha ikazikabidhi kwa DNA kwa utaratibu. Baadaye waliiita nukleoplasmini, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa dhana ya protini wasindikizaji, ambayo leo ni tawi zima la baiolojia. Utengaji wake ulisaidiwa na tabia yake ya kustahimili joto: pasha mchanganyiko hadi nyuzi 80, protini nyingine nyingi zitaganda, yenyewe itabaki imeyeyuka. Mwaka 1980 ikathibitika kwamba ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote ndani ya kiini cha yai changa la Xenopus.

Weka matokeo hayo kando ya yale ya Katagiri, na jibu linakaribia kujitaja lenyewe. Kitu kinachofungua mbegu kimo ndani ya kiini cha yai changa. Protini inayoongoza kwa wingi ndani ya kiini hicho ina hasi tele, na mbegu imefungwa kwa protini zenye chanya tele. Lakini kati ya kudhani na kuthibitisha kulihitajika njia ya kuiona kazi yenyewe ikifanyika nje ya yai.

Njia hiyo ilitoka Toronto. Mwaka 1983, Manfred Lohka na Yoshio Masui waliyasaga mayai ya chura Rana pipiens kwa sentrifuji. Sentrifuji huyatenga mayai katika matabaka: mafuta juu, kiini cha njano chini, na katikati saitoplazimu safi, ambayo hapa nitaiita mkamuo. Wakatia ndani yake mbegu za Xenopus zilizovuliwa utando kwa kemikali. Ndani ya bomba la kioo mbegu zikavimba, zikajengewa utando wa kiini, zikanakili DNA yake, na hatimaye zikajikunja kuwa kromosomu. Ni vigumu kueleza jinsi jaribio hilo lilivyobadilisha mambo. Hatua ambazo hapo kabla zilitokea gizani ndani ya yai jeusi lisilopenyeka kwa mwanga sasa zilitokea kwenye kioo cha darubini, na mtu aliweza kuongeza au kupunguza protini moja moja. Tayari hapo palikuwa na fununu ambayo haikupewa uzito wake: mkamuo wa jenasi moja ulikuwa umeifungua mbegu ya jenasi nyingine.

Mwaka 1991, Anna Philpott, Gregory Leno na Laskey waliifanya kazi ya mwisho. Kwa kutumia kingamwili, waliinyofoa nukleoplasmini yote kutoka mkamuo wa mayai ya Xenopus na kuacha kila kitu kingine. Mbegu zilizotiwa humo hazikulegea. Wakarudisha nukleoplasmini safi, zikalegea. Wakaenda mbali zaidi: wakaziweka mbegu ndani ya nukleoplasmini safi peke yake, bila mkamuo, nazo zikalegea pia. Mwaka uliofuata Philpott na Leno walionyesha namna inavyofanyika. Nukleoplasmini huzivuta protini za pekee za mbegu, zikahamia kwake, na papo hapo hukabidhi H2A na H2B ilizokuwa imezibeba. Huwa kama kuli gatini anayeshusha gunia begani mwa mwenzake na kumtwika jingine bila yeyote kwenda mikono mitupu. H3 na H4 zilikuwapo tangu mwanzo. Zikikutana na H2A na H2B, nukleosomu imekamilika. Ukikata kromatini hiyo kwa kimeng'enya, vipande vinatoka kwa urefu unaopandana kama inavyotarajiwa kwa kromatini ya seli yoyote hai.

Katika mabadilishano haya hakuna kinachoyeyushwa wala kukatwakatwa. Protini za mbegu zinahama nzima. Hakuna nishati ya ATP inayohitajika. Kinachofanya kazi ni chaji, na umbo la kuitumia chaji hiyo. Nukleoplasmini huundwa na vipande vitano vinavyofanana, vilivyopangwa duara. Umbo la kitovu chake lilichorwa kwa fuwele mwaka 2001, na huko vilionekana pia vitano viwili vikiwa vimebebana mgongo kwa mgongo kuwa kumi. Kutoka kitovu hicho hutoka mikia isiyo na umbo maalumu, yenye mfululizo mrefu wa asidi amino zenye chaji hasi. Mikia hiyo hushindana na DNA katika kuzishika protini zenye chaji chanya, na kwa protini za mbegu hushinda.

Lakini kama ni suala la chaji tu, kwa nini nukleoplasmini ya yai changa ni dhaifu katika kazi hii? Yai linapokomaa, vimeng'enya vinavyoliendesha kuelekea kutagwa hubandika fosfati nyingi kwenye nukleoplasmini, na kila fosfati huongeza chaji hasi. Mwaka 1996 Leno na wenzake walionyesha kwamba nukleoplasmini iliyobandikwa fosfati kwa wingi ndiyo hasa inayoilegeza mbegu kwa kasi. Kwa hiyo yai lina kufuli mbili juu ya chombo hiki. Ya kwanza ni mahali, maana kimefungiwa ndani ya kiini. Ya pili ni fosfati. Zote hufunguliwa na tukio lile lile la kukomaa. Ni mpangilio wa busara, kwani protini yenye uwezo wa kung'oa vifungo vya DNA si kitu cha kuachwa kikizurura ndani ya seli kwa miezi yote yai linapokua.

Hapo ndipo simulizi la vitabuni huishia mara nyingi. Nami hapo naanza kuuliza.

Kwanza, je, nukleoplasmini inaweza mbegu iliyobanwa zaidi ya ile ya Xenopus? Kwa Bufo, ndiyo. Ohsumi na Katagiri walionyesha mwaka 1991, mwaka ule ule wa Cambridge, kwamba kitu kinachoondoa protamini kwenye mbegu za Bufo kinahusiana na nukleoplasmini. Mwaka 1993 kundi hilo hilo likaonyesha kwamba nukleoplasmini ya amfibia inaondoa protamini hata kwenye mbegu ya binadamu, mradi kwanza vifungo vya salfa vinavyozifunga protamini za mamalia vimekatwa. Hili linavutia, lakini angalia tofauti ya kazi. Kwa Xenopus yai linakamilisha nukleosomu zilizobaki nusu. Kwa Bufo linalazimika kuzijenga upya kutoka sifuri, H3 na H4 zikiwemo, na nukleoplasmini hubeba hasa H2A na H2B. Mzigo wa H3 na H4 kwenye yai hubebwa na protini nyingine, N1/N2, iliyoelezwa na Jürgen Kleinschmidt na wenzake huko Ujerumani katika miaka ya 1980. Kwa hiyo hata ndani ya vyura wenyewe, kusema "nukleoplasmini huifungua mbegu" ni nusu ya sentensi. Inafungua, halafu nani anajenga?

Pili, je, ni lazima iwe nukleoplasmini? Hapa jibu la mamalia liliwashtua wengi. Mwaka 2003, watafiti wa Houston walitoa panya jike wasio na jeni ya NPM2, ambayo ndiyo nukleoplasmini ya mamalia. Kwa hoja ya Xenopus, mbegu zilitakiwa zibaki zimebana ndani ya mayai yao. Hazikubaki hivyo. Zililegea, na tatizo likaonekana kwingine: mayai hayo yalikosa miundo ya kiinisi, na viinitete vingi vilikufa mapema. Wapo waliolichukua hilo kama kuanguka kwa nadharia ya chura. Kwangu ni ishara kwamba kazi hii ina mikono zaidi ya mmoja. Kwenye mkamuo wa Xenopus penyewe ilishaonekana, mwaka 1999, kwamba protini nyingine yenye asidi nyingi, TAF-I, inaweza kuilegeza mbegu kwa kuzishika protini zake moja kwa moja. Na mwaka 2020 ikaonyeshwa kwamba kwenye yai la panya, kimeng'enya SRPK1 hubandika fosfati kwenye protamini yenyewe, ikawa rahisi kwa NPM2 kuishika na kuiondoa. Yaani fosfati inaweza kuwekwa upande wowote: kwa anayevuta, ikaongeza hasi, au kwa anayevutwa, ikapunguza chanya. Xenopus na panya huenda wanatumia fizikia ile ile kutoka pande mbili.

Nzi wa matunda anaonyesha upande wa ujenzi kwa ukali zaidi kuliko chura. Mbegu yake hupoteza karibu histoni zote. Katika majike wenye kasoro ya protini iitwayo HIRA, ambayo hupachika histoni ya aina ya H3.3 bila kungoja DNA inakiliwe, kiini cha baba hubaki nje ya ngoma na kiinitete hujaribu kukua kwa kromosomu za mama pekee. Hayo yalielezwa na Benjamin Loppin na wenzake mwaka 2005. HIRA ya Xenopus ipo, na kwenye mkamuo inafanya kazi hiyo hiyo ya kujenga nukleosomu bila kunakili DNA. Lakini kwa mbegu ya Xenopus, yenye H3 na H4 zake tayari, haja hiyo si ya dharura kama kwa nzi. Hivyo mtu aliyeanza utafiti kwa chura angeliona tatizo la kuondoa, na aliyeanza kwa nzi angeliona tatizo la kuweka. Historia ya elimu hii ingekuwa na sura nyingine kama Hogben angekwenda Cape Town na nzi.

Kabla ya kufika kwenye kinachobaki, kuna mambo ya upande ya kusema kwa haraka. Kulegea kwa mbegu ni kwa awamu mbili. Ile ya nukleoplasmini huchukua dakika chache tu, na mbegu hutoka hapo imekuwa pana lakini bado si kiini. Histoni ya kuunganisha ya yai, iitwayo B4, huingia kati ya nukleosomu. Stefan Dimitrov, Mary Dasso na Alan Wolffe waliifuatilia mwaka 1994, na ni ya aina inayobana kidogo kuliko ile ya seli za mtu mzima. Kisha utando wa kiini hujengwa, matundu yake hufunguka, na protini huanza kuingia. Hapo kiini huvimba kwa mara ya pili, kwa taratibu, na ndipo DNA hunakiliwa. Awamu hii ya pili inatii yai kuliko mbegu. Mbegu ile ile ya Xenopus laevis ikiwekwa kwenye mkamuo wa laevis huzaa kiini kikubwa kuliko ikiwekwa kwenye mkamuo wa ndugu yake mdogo, Xenopus tropicalis; Daniel Levy na Rebecca Heald walilionyesha hilo mwaka 2010 na kulihusisha na protini za uchukuzi zinazopitisha mizigo kwenye matundu. Mwaka 2019 nukleoplasmini ikatajwa tena, safari hii kama mojawapo ya vitu ambavyo wingi wake unaweka kikomo cha ukubwa wa kiini.

Salamanda wana ajabu yao. Kwa wengi wao mbegu kadhaa huingia katika yai moja kwa kawaida, na zote hufunguliwa na kuwa viini, maana saitoplazimu haina ubaguzi. Halafu kimoja tu huungana na kiini cha mama, na vingine hudhoofika na kupotea. Kufunguliwa peke yake hakukupi nafasi katika kiinitete.

Sasa kinachobaki. Ikiwa H3 na H4 za baba haziondolewi, basi alama za kikemikali zilizobandikwa juu yake korodanini haziondolewi pia, angalau si kwa kazi ya nukleoplasmini. Alama hizi ni vikundi vya methili kwenye sehemu mahususi za mkia wa H3. Baadhi huambatana na jeni zinazosomwa, baadhi na jeni zilizonyamazishwa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mbegu huleta DNA tu, na yai hufanya mengine. Maabara ya John Gurdon, yule aliyeonyesha kwa Xenopus kwamba kiini cha seli iliyokwisha kukomaa kinaweza kuanza upya kikipandikizwa kwenye yai na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, iliipima imani hiyo. Katika kazi ya Marta Teperek na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2016, viinitete vilivyotokana na mbegu zilizokomaa vililinganishwa na vile vilivyotokana na seli za hatua ya nyuma yake, spermatidi, ambazo zina DNA ile ile. Vya spermatidi vilikua vibaya zaidi, na baadhi ya jeni zake zilisomwa pasipostahili. Kisha watafiti wakayafanya mayai yatengeneze vimeng'enya vinavyofuta alama za methili kwenye histoni. Jeni zilizoharibika usomaji zilikuwa, kwa sehemu, zile ambazo mbegu ilikuwa imezibeba zikiwa na alama.

Hayo yanabadilisha maana ya tendo lote la utungisho. Nukleoplasmini ikiondoa protini za mbegu na kuacha H3 na H4, inatenga kilichowekwa kwa ajili ya safari na kilichowekwa kwa ajili ya mtoto. Haichagui kwa kusoma alama. Inachagua kwa nguvu ya mshiko. Protini za mbegu na H2A hushikwa kwa namna inayoruhusu mabadilishano, H3 na H4 zilizokwisha kuivaa DNA hazishikwi hivyo. Lakini matokeo yake ni uchaguzi. Na hapa ndipo Xenopus anapoacha kuwa kielelezo cha wote. Bufo, aliyeziondoa histoni zake, hana njia hii ya kupeleka ujumbe, angalau si kwa kipimo hicho. Binadamu hubakiza sehemu ndogo tu ya histoni zake kwenye mbegu, na wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu mahali zilipo na kama zina kazi. Anayetumia chura kuelezea urithi wa baba kwa binadamu anapaswa kwanza aonyeshe kwamba mbegu mbili hizo zimefungwa kwa namna inayolingana, nazo hazijafungwa hivyo.

Kuna histoni moja inayobaki ambayo hakuna anayebisha umuhimu wake. Ni CENP-A, aina ya H3 inayokaa kwenye sentromea, mahali kromosomu inaposhikwa na nyuzi wakati wa kugawanyika. Mbegu ya Xenopus hufika yaini ikiwa na CENP-A yake. Bila hiyo, kromosomu ya baba haina mahali pa kushikwa, hata kama DNA yake imefunguliwa na kunakiliwa bila dosari.

Na hapo ndipo chura wa Marsabit anaporudi. Heald na wenzake huko Berkeley, katika kazi iliyoongozwa na Romain Gibeaux na kuchapishwa mwaka 2018, waliyatungisha mayai ya Xenopus tropicalis kwa mbegu za laevis, na mengine kwa mbegu za borealis. Mbegu ziliingia, zikafunguliwa, viini vikaundwa, seli zikagawanyika. Viinitete vyote vilikufa kabla ya kuanza kuumbika matabaka ya mwili. Walipotazama kwa karibu, vilikuwa vinapoteza vipande vya kromosomu za baba. Kwa mbegu ya laevis vilivyopotea vilikuwa vya kromosomu mbili mahususi, 3L na 4L, na nyingine zilibaki salama. Kazi ya mwaka 2022 ya Maiko Kitaoka na maabara hiyo ilionyesha kwamba chanzo ni sentromea zilizoshindwa kuitunza CENP-A ndani ya saitoplazimu ya kigeni. Ukigeuza ndoa hiyo, yai likawa la laevis na mbegu ikawa ya tropicalis, kiinitete hukua kuwa chura anayeishi. Mashine ya kufungua mbegu haikujali kabisa mbegu ni ya nani, kama ilivyokuwa Toronto mwaka 1983. Kilichojali ni ile sehemu ndogo ya kromatini ambayo yai lilitakiwa kuilinda, na mbegu ya laevis haikupata ulinzi huo katika yai la tropicalis kwa kromosomu mbili kati ya 18.